Tuuite Mchezo wa Nyimbo

Katika Ziwa Tanganyika samaki mmoja hubeba majina kwa kadiri ya bandari anazoshushwa. Akitua Kigoma ni mgebuka, akitua Rumonge ni mukeke. Dagaa wa Kigoma huku kwetu Burundi ni ndagala, na wachuuzi wanaopita mpakani upande wa Nyanza-Lac hubadilisha jina kama wanavyobadilisha sarafu, wala hawagombani. Sangala yeye ameongezewa jina la tatu: wanaozungumza Kifaransa humwita capitaine, jina walilokuja nalo kutoka maji mengine. Mgebuka na mukeke ni majina yaliyozaliwa ziwani. Capitaine ni jina la mtu aliyefananisha.

Jina la namna hiyo ndilo lililoupata mchezo wa jukwaani wa Wachina. Waingereza na Wafaransa wameuita opera, nasi tukapokea kama tulivyopewa: opera ya Kichina, opera ya Beijing. Neno lenyewe ni la Kiitaliano, asili yake ni Kilatini, maana yake kazi. Huko Ulaya limeshikamana na sanaa moja iliyochipuka Italia mwishoni mwa karne ya 16, ambamo mtunzi anaandika muziki wote, noti kwa noti, na waimbaji pamoja na okestra wanaufuata. Wazungu walipowaona Wachina wakiimba jukwaani katika mavazi ya hariri, waliona kinachofanana na cha kwao wakakipa jina la kwao.

Hasara yake ni kubwa kwetu kuliko kwao. Mtu wa Rumonge kwa kawaida hajaiona opera ya Milano wala ya Paris, kwa hiyo ukimwambia "opera ya Kichina" umemweleza asichokijua kwa kingine asichokijua. Na yule mmoja aliyesoma ng'ambo akaiona, huyo ndiye atakayepotea zaidi. Atauliza: nani ametunga muziki wa mchezo huu? Jibu ni kwamba kwa michezo mingi ya zamani hakuna mtunzi wa muziki wa namna anayoifikiria. Yapo mahadhi, na yapo maneno, na yupo mwimbaji anayejua kuyakutanisha.

Wenyewe wanasema xiqu. Kwa sikio la Kiswahili ni kama shichu. Qu ni wimbo. Xi ni mchezo, na hapo mpenda Kiswahili hana budi kusimama kidogo. Sisi tunacheza mpira, tunacheza karata, tunacheza ngoma, na mwigizaji tunasema amecheza filamu. Kirundi kina gukina, mtoto akina uwanjani na msanii akina redioni. Kutokana na mzizi huo likapatikana ikinamico, igizo, na Warundi wa rika langu walikaa jioni wakisikiliza Ninde? ya Marie-Louise Sibazuri kwenye redio ya taifa. Xi nalo lina upana huo. Ni mchezo wa mtoto, ni mzaha, na ni mchezo wa jukwaani. Mwanazuoni Wang Guowei, aliyelisimamisha neno xiqu katika utafiti mwanzoni mwa karne ya 20, aliieleza sanaa hiyo kwa ufupi sana: kuonyesha hadithi kwa kuimba na kucheza. Mtu aliyekulia Buyenzi, mjini Bujumbura, au Rumonge hahitaji tanbihi hapo.

Kwa nini nisiseme tamthilia, na neno lipo? Kwa sababu tamthilia imehama. Ebrahim Hussein alipotoa Kinjeketile mwaka 1969, tamthilia ilikuwa maandishi ya jukwaani, kitabu cha kusomwa na kuchezwa. Leo ukisema tamthilia mbele ya vijana, wanaelewa mfululizo wa runinga, wa Kituruki, wa Kifilipino, wa Kichina. Mwaka 2011 runinga ya taifa ya Tanzania, TBC, ilianza kuonyesha Doudou na Mama Wakwe Zake kwa sauti za Kiswahili, na tangu hapo "tamthilia ya Kichina" ni habari za mke, mume na mawifi mjini. Kulirudisha neno hilo kwa Cao Cao, mbabe wa vita wa Uchina ya kale, na majemadari wake ni kuwachanganya watu.

Ngonjera iko karibu zaidi kuliko inavyodhaniwa. Mathias Mnyampala aliipa umbo miaka ile ya Azimio la Arusha, na ndani yake wahusika wanajibizana kwa shairi mbele ya hadhira. Lakini ngonjera ni mabishano yanayoishia katika kukubaliana. Haina upanga, haina kulia kwa mjane, haina jeshi linalovuka mto. Taarabu ina nyimbo na ukumbi na mapambo, ila haina kisa kinachotembea kutoka mtu hadi mtu. "Sanaa za maonyesho" ni jina la idara ya chuo kikuu, linafunika kila kitu, kwa hiyo halitaji kitu. Mchezo wa kuigiza ungefaa kabisa kama usingeusahau wimbo.

Ndiyo maana naandika mchezo wa nyimbo. Ni neno kwa neno kama walivyosema wenyewe, na ni Kiswahili ambacho bibi muuza mawese sokoni hataomba atafsiriwe.

Faida ya pili ya jina hili huonekana ukifika kwenye matawi. Uchina ina aina zaidi ya 300 za sanaa hii, nyingi zikiitwa kwa mahali zilikotoka, na kila moja inaimbwa kwa lugha au lahaja ya kwao. Jingju ni ya Beijing. Kunqu imetoka Kunshan, jirani na Suzhou. Kuna yueju ya Guangdong, na kuna yueju nyingine kabisa ya upande wa Shaoxing, katika mkoa wa Zhejiang, maarufu kwa makundi ya wanawake peke yao ambamo hata mashujaa wa kiume huchezwa na wanawake. Kwa maandishi ya Kichina hizo mbili zinatofautiana. Kwa herufi zetu ni yueju na yueju, na mfasiri asiye makini atamchanganya msomaji siku nzima. Kiswahili kinamaliza shida hiyo kwa kiunganishi chake kidogo: mchezo wa nyimbo wa Guangdong, mchezo wa nyimbo wa Shaoxing, mchezo wa nyimbo wa Beijing.

Huu wa Beijing si mkongwe, ingawa ndio unaojulikana zaidi duniani. Tayari katika karne ya 8 mfalme Xuanzong wa nasaba ya Tang aliwafundisha wanamuziki wake katika bustani ya mipea, na mpaka leo wachezaji huitwa wanafunzi wa Bustani ya Mipea. Guan Hanqing aliandika michezo yake katika karne ya 13, na kisa chake cha Dou E, mjane kijana anayeuawa kwa kosa asilotenda, bado kinachezwa. Tang Xianzu alimaliza Mudan Ting mwaka 1598, pazia 55, akafariki 1616, mwaka ule ule wa Shakespeare. Jina la mchezo huo nalo lina mtego wake: mudan ni ua la peoni, na ting ni kibanda cha wazi chenye paa na nguzo bila kuta, cha kukaa na kutazama maji, kama vile vilivyojipanga kwenye fukwe zetu kutoka Bujumbura kushuka kusini. Ukiandika "jumba" umeshamjengea msomaji kuta zisizokuwepo.

Beijing ilikuja baadaye. Mwaka 1790 makundi ya wachezaji kutoka Anhui yalipanda kwenda mji mkuu kwa sherehe za kutimiza miaka 80 za mfalme Qianlong. Yakabaki. Yakachanganyika na waimbaji wa Hubei, na kufikia katikati ya karne ya 19 mchanganyiko huo ulikuwa umekuwa sanaa yenye sura yake. Ni sanaa ya wageni waliohamia mjini, na sisi wa mwambao wa Rumonge, tuliotokana na Warundi, Wabembe, watu wa Ujiji na wa Fizi, tunajua jambo kama hilo linavyozaa lugha.

Sasa tuingie ndani, maana hapo Kiswahili kinang'aa. Walichokileta watu wa Anhui na Hubei ni nyimbo za makundi mawili makubwa, xipi na erhuang. Vitabu vya Kiingereza huhangaika kuvieleza. Sisi tunayo mahadhi. Mtu akiukuta utenzi anauliza unaimbwa kwa mahadhi gani, naye hajauliza nani alitunga muziki. Xipi ni mahadhi ya mchangamko, ya safari, ya hasira, ya furaha. Erhuang ni mahadhi mazito, ya kutafakari na ya msiba. Mwimbaji huyaongeza mwendo au kuyapunguza, huyavuta, huyakata, kulingana na kisa. Na maneno yenyewe yana mizani: mistari ya silabi 7 au 10, ikienda jozi jozi, yenye vina. Mshairi wa Tanga angezihesabu kwa vidole na kuridhika.

Mapigo yana jina ninalolipenda kupita yote. Pigo zito huitwa ban, ubao, kwa sababu hupigwa kwa vibao vya mti mgumu. Mapigo mepesi ni yan, macho. Mwendo wa mapigo manne huitwa ubao mmoja na macho matatu. Kutoka jukwaani usemi huo umeingia katika maisha: mtu anayefanya kazi yake kwa utaratibu, Mchina husema ana ubao na ana macho. Napendekeza tutafsiri hivyo hivyo, tusiulainishe. Msomaji wetu ameshazoea methali zinazohitaji kutafunwa.

Ustadi wa mchezaji hugawanywa katika nne: chang, nian, zuo, da. Ya kwanza ni kuimba, na ya mwisho ni kupigana, pamoja na sarakasi zote za vita. Zuo ni kutenda kwa mwili, macho, vidole, hatua. Iliyonisumbua ni nian. Watafsiri wengi huandika "kuzungumza", nao wanakosea, maana mchezaji wa ngazi ya heshima hazungumzi kama mtu wa sokoni. Anayavuta maneno, anayapandisha na kuyashusha, hajaimba wala hajasema. Hayo ni mambo ya kughani. Neno hili tumelifanyia kazi karne nyingi katika tendi. Wapo wahusika wa chini, watumishi na wachekeshaji, ambao husema Kibeijing cha kawaida cha mitaani. Hao ndio wanaozungumza. Ukitumia maneno mawili, kughani na kuzungumza, msomaji anaona tabaka bila kuelezwa.

Kwa ala, Kiswahili hakikosi kitu. Luo ni upatu. Neno hili limekopeshwa sana kwa michango ya fedha ya akina mama hadi wengi wamesahau kwamba upatu ni sahani ya shaba inayogongwa. Lirudi kazini. Jukwaa la Beijing lina upatu mkubwa, ambao sauti yake hushuka baada ya kugongwa, na upatu mdogo, ambao sauti yake hupanda; jemadari huingia kwa ule, mwanamke kijana kwa huu. Bo ni matoazi. Suona ni zumari, ala ya jamii moja na zile zilizofika pwani yetu, na hata jina lake Wachina walilipokea kutoka magharibi mwao, kwa Waajemi. Jinghu ni zeze la nyuzi mbili, mwili wake kipande cha mwanzi kilichofunikwa kwa ngozi ya nyoka, na upote wake unapita katikati ya nyuzi hizo, hautoki. Mrundi anayeijua indingiti, zeze letu la uzi mmoja, atalielewa mara moja, isipokuwa ukali wa sauti yake, ambao ni wa makusudi: lazima upenye kelele za shaba.

Mkuu wa hao wote ni mpiga ngoma. Haongozi kwa kijiti hewani kama kiongozi wa okestra ya Ulaya. Anakaa na ngoma ndogo kavu ya uso mmoja, na vibao mkononi, anamtazama mchezaji, na kila hatua, kila mgeuko wa jicho, unapitia kwake. Waburundi tunalo jambo la kusema hapa. UNESCO iliuandika mchezo wetu wa ngoma za kifalme katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, miaka minne baada ya mchezo wa Beijing na miaka kumi na mitatu baada ya Kunqu kutangazwa. Katika ngoma zetu yuko inkiranya katikati, naye ndiye anayezipa nyingine mapigo. Kwa Kirundi ingoma ni ngoma, na ingoma pia ni ufalme. Mpiga ngoma wa Beijing anatawala kwa namna hiyo hiyo, kwa hiyo tusimwite "kondakta". Tumwite mpiga ngoma mkuu.

Wahusika wamegawanywa katika mafungu manne, na mtoto anayeingia chuo cha mchezo hupangiwa fungu lake mapema, kwa sauti yake, umbo na uso. Sheng ni wanaume wa heshima: mzee mwenye ndevu, kijana msomi, shujaa wa vita. Dan ni wanawake, kuanzia mke mtulivu wa mavazi ya buluu hadi msichana mchangamfu hadi mwanamke mpiganaji hadi bibi kizee. Jing ni wanaume wakubwa kwa tabia, wenye nyuso zilizopakwa rangi tupu, majemadari, mahakimu na majitu. Chou ni mchekeshaji, mwenye bato jeupe puani. Majina haya wenyewe huyaeleza kwa kinyume: jing maana yake ni safi, na ndiye aliyejaa rangi, sheng ni mbichi, na ndiye anayetakiwa kuiva kuliko wote.

Sheng, dan na jing ningeyaacha kama yalivyo, yakielezwa mara moja. Chou siwezi kuliacha. Mtangazaji akilisema haraka, msikilizaji wa Kiswahili atasikia choo, na heshima ya fungu zima itapotea, ilhali kwa mapokeo ya Wachina mchekeshaji ndiye wa kwanza kushika brashi chumba cha mapambo, kwa imani kwamba mfalme Xuanzong mwenyewe alicheza sehemu hiyo. Na neno tunalo: chale. Limetokana na Charlie, yaani Charlie Chaplin, aliyefika vijijini kwetu kwa filamu zisizo na sauti. Chaplin alikutana na Mei Lanfang, mchezaji mkuu wa fungu la dan katika karne ya 20, pale Los Angeles mwaka 1930, wakakutana tena Shanghai mwaka 1936. Basi neno chale lina haki zote za kumwita chou.

Mei Lanfang mwenyewe alikuwa mwanaume. Alizaliwa 1894, akacheza wanawake maisha yake yote mpaka alipofariki 1961. Kiswahili kisicho na "he" wala "she" kinamfaa kuliko lugha za Ulaya, ambazo kila sentensi huziamuru zichague. Alipofika Moscow mwaka 1935, Bertolt Brecht, mwandishi wa michezo Mjerumani, alimtazama, kisha akaandika makala iliyobadilisha fikra za watu wa maigizo Ulaya. Vita vya Wajapani vilipomkuta, alifuga masharubu ili asilazimishwe kuwachezea. Masharubu kwa mtu wa dan ni tamko lisilohitaji hotuba.

Kuhusu nyuso, naomba tuepuke neno barakoa. Tangu Korona kila mtu analijua, na kila mtu atadhani mchezaji amevaa kitu. Kinyago pia hapana. Ni rangi juu ya ngozi, na jina lake, lianpu, lina maana ya ramani au orodha ya nyuso: kila mhusika ana mchoro wake unaorithiwa. "Mchoro wa uso" linatosha. Miongoni mwa wanaovaa kitu ni wale wa Sichuan wanaobadili uso kwa kupepesa jicho, nao hutumia vitambaa vyepesi vya hariri. Rangi nazo zinataka uangalifu. Nyekundu ni uaminifu, ndiyo ya jemadari Guan Yu. Nyeusi ni unyoofu usiopinda, ndiyo ya Bao Zheng, hakimu aliyeishi 999 hadi 1062, mwenye mwezi mwandamo kwenye paji la uso. Nyeupe ni hila na usaliti, ndiyo ya Cao Cao. Kwetu mwenye moyo mweupe ni mwema, hivyo mfasiri asipoongeza nusu sentensi hapa, mtazamaji atampigia makofi mtu asiyefaa.

Kuna mchezo mmoja ambao ningependa uonyeshwe bandarini Rumonge kabla ya mwingine wowote. Unaitwa Qiu Jiang, Mto wa Majira ya Vuli. Kisa kimetoka katika mchezo mrefu wa Gao Lian wa nasaba ya Ming. Chen Miaochang, mtawa kijana, amempenda msomi Pan Bizheng. Shangazi wa msomi, ambaye ndiye mkuu wa nyumba ya watawa, amegundua na kumpeleka kijana mbali kwenye mitihani. Msichana anakimbilia mtoni, anamkuta mzee mwenye chombo, anaomba amfukuzie. Mzee ni chale. Anamtania, anajadili nauli, huku haraka ikimuua msichana.

Jukwaani hakuna maji wala chombo. Kuna kitu kimoja mikononi mwa mzee, ambacho vitabu huandika "kasia". Watu wa ziwani watauliza: kasia au kafi? Kasia hufungwa ubavuni mwa chombo. Kafi hushikwa kwa mikono miwili, hewani, bila kuegemea popote. Cha mzee huyu ni kafi. Anakishikilia imara ili msichana apande, na anapotia mguu wa kwanza, magoti ya mzee yanazama. Chombo kimepokea uzito. Msichana anayumba, mzee anayumba kinyume chake, wanatulia. Kisha wanaanza kwenda, yeye akiwa omo, mzee tezi. Wimbi linapoinua omo, msichana anapanda juu ya vidole vya miguu na mzee anashuka kwa magoti. Wimbi likipita chini, wanabadilishana. Hawatazamani. Umbali kati yao haubadiliki hata wanapogeuza chombo, kwa hiyo jicho lako linachora mbao zote zilizo katikati. Mtu yeyote aliyewahi kuvuka kwenda upande wa Kongo kwa mtumbwi, akiwa amekaa mbele na upepo wa kusini umeamka, mgongo wake utaanza kuitikia.

Mchezo mwingine wa aina hiyo ni San Cha Kou, ambao Kiswahili kinaupa jina zuri kuliko lugha yoyote ninayoijua: Njia Panda. Watu wawili wanapigana gizani ndani ya nyumba ya wageni, na taa za jukwaa zimewashwa zote. Upanga unapita unywele mmoja kutoka puani, wanapapasana, wanagusana mgongo na kuruka. Giza liko machoni mwao tu. Wavuvi wetu wanaofanya kazi usiku usio na mwezi, wenye taa zinazowavuta ndagala, wangekuwa mahakimu wakali wa mchezo huo.

Wazee wa Beijing walikuwa hawasemi wanakwenda kutazama mchezo. Walisema wanakwenda kuusikiliza, ting xi. Walikaa wakinywa chai, wengine wamefumba macho, na mwimbaji akiivuta sauti mpaka mwisho wake wakapaza "hao!", yaani vema. Neno letu watazamaji linawapunja. Hadhira ni bora zaidi.

Haya si mambo ya mbali. Redio ya Beijing imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu Septemba 1961. Chuo Kikuu cha Burundi kina Taasisi ya Confucius, na vijana wanaohitimu wanafanya ukalimani kwenye miradi ya ujenzi. Hao ndio watakaotafsiri michezo hii, kama haitatafsiriwa na mashine iliyolishwa Kiingereza. Nyerere alipotafsiri mchezo wa Shakespeare mwaka 1969 akauita Mabepari wa Venisi, alionyesha kwamba mfasiri ana mamlaka ya kuchagua, na uchaguzi wake hubaki.

Ombi langu ni kwa hao vijana. Mkipewa kipindi cha kukiwekea sauti au kitabu cha kukitafsiri, andikeni mchezo wa nyimbo wa Beijing. Andikeni mahadhi pale mlipoambiwa melodi, kughani pale mlipoambiwa kuzungumza, upatu pale mlipotaka kuandika gongo. Mkikwama, tafuteni kwanza kwa wavuvi, kwa waimbaji wa harusi na katika mashairi, kisha ndipo mwende kwenye kamusi za Kifaransa.